Mdundo wa Gari: Wati Tunazijua, Desibeli Hatuzijui

Wiki hii nakuomba tuzungumzie jambo ambalo, upende usipende, linaingia nyumbani mwako bila kubisha hodi. Nazungumzia mdundo wa magari. Ukiwa Tandika, Mbagala, Buza au Temeke Mwisho, na hali kadhalika ukiwa Mwananyamala, Tandale au Kinondoni kwenyewe, huhitaji kuchungulia dirishani ili ujue kwamba kuna gari linapita. Kwanza vikombe vinaanza kugongana kabatini, kisha bati la jirani linalia, halafu ndipo gari lenyewe linatokea, kibao cha namba kikitetemeka kama mtu mwenye homa.

Wapo wanaosema huo ni uhuni mtupu, na wapo wanaosema ndiyo raha ya mjini. Mimi sikuja kuhukumu kabla ya kueleza. Nimepita kwa mafundi kadhaa wa redio za magari, wale wanaofanyia kazi chini ya miembe, kwenye fremu za maduka na kando ya gereji, na kila mmoja nikamwuliza maswali mawili. Swali la kwanza: muziki huu una wati ngapi? Jibu lilitoka mara moja, tena kwa majivuno: elfu mbili, braza, elfu tatu, mzee. Swali la pili: unatoa desibeli ngapi? Hapo fundi alinyamaza, akatabasamu, akaniambia kwamba hilo halijawahi kuulizwa na mteja.

Katika ukimya huo wa swali la pili ndimo yalimo mazungumzo yangu ya leo. Wati ni nguvu inayoingia kwenye spika. Desibeli ni sauti inayotoka na kufika sikioni mwa binadamu. Sisi tumekuwa mabingwa wa kununua cha kwanza, wakati cha pili hatujawahi kukipima.

Tuanze na asili yake, maana kelele za magari hazikuletwa na vijana wa leo. Jiji hili limezoea kupata habari kwa gari lenye spika juu ya paa. Gari la matangazo limetangaza dansi, mechi za mpira, mikutano ya hadhara, chanjo za watoto na tahadhari za kipindupindu. Spika zake ni zile za umbo la honi, ambazo kwa umeme kidogo tu hutupa sauti ya mtu mbali sana. Mwaka 1983 serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, yale tuliyoyaita daladala, biashara ikawa ya ushindani. Nauli ni moja, njia ni moja, na mpiga debe anaita abiria wale wale. Mwenye gari atajitofautishaje na mwenzake? Wengi walijibu kwa rangi, kwa maandishi ya nyuma, na kwa muziki. Jirani zetu wa Nairobi wamefika mbali zaidi, kwani kuna matatu ambazo vijana huziacha nyingine zipite ili wasubiri ile yenye muziki mzito.

Na muziki wenyewe wa uswahilini umezaliwa ukiwa na kelele ndani yake. Mchiriku wa miaka ya 1990 ulipigwa kwa kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na vipaza sauti vilivyochoka, na ule mkwaruzo wa spika ukawa sehemu ya utamu wake. Singeli iliyofuata ina mapigo yanayoweza kuvuka 200 kwa dakika, na mwaka 2017 nyimbo zilizorekodiwa katika studio ya Sisso, Mburahati, zilitolewa kwenye santuri na kampuni ya Uganda na kusikika hadi Ulaya. Kwa hiyo fundi wa spika wa Temeke ni mrithi wa utamaduni wenye jina duniani. Tumheshimu. Lakini mtu ukimheshimu unamwambia ukweli.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana kule Marekani ufundi huu umefanywa mchezo wenye kanuni. Watu hukutana uwanjani kushindana ni gari la nani lina sauti kubwa kuliko yote. Mchezo unaofahamika zaidi unaitwa dB Drag Racing. Ulianzishwa miaka ya 1990 na Wayne Harris, na umefuata mtindo wa mbio za magari mawili yanayoondoka pamoja, isipokuwa hapa hakuna gari linaloondoka. Yote yamesimama. Kinachokimbia ni sindano ya kipimo.

Hebu msikilizaji ufikirie gari la mashindano ya namna hiyo. Viti vya nyuma vimeng'olewa. Milango imejazwa vitu vizito, hata zege, ili isitikisike. Kioo cha mbele kimebadilishwa na kuwekwa kingine kinene sana, kwa sababu kioo cha kawaida kingepasuka. Betri ziko nyingi, zimepangwa kama kreti za soda. Gari kama hilo la daraja la juu haliendeshwi barabarani; huletwa juu ya trela. Kifaa cha kupimia hubandikwa ndani, kwenye kioo cha mbele upande wa abiria, mahali pamoja kwa kila gari ili asipendelewe mtu. Milango hufungwa, na kwa yale makubwa hapana mtu anayebaki ndani. Mwenyewe husimama nje, hubonyeza kitufe, na gari hutoa mlio mmoja mzito wa sekunde chache tu. Basi, mchezo umekwisha. Namba inasomwa.

Magari makubwa ya mchezo huo yamevuka desibeli 170. Ili ujue maana ya namba hiyo, sharti nikueleze desibeli ni kitu gani, na hapa naomba uvumilivu kidogo.

Desibeli haihesabiwi kama kilo au lita. Ukiongeza kilo moja ya unga juu ya kilo moja umepata kilo mbili. Ukiongeza nguvu ya sauti mara mbili, desibeli hupanda tatu tu. Ukiongeza nguvu mara kumi, desibeli hupanda kumi, na sikio la binadamu husikia kama sauti imekuwa kubwa mara mbili hivi. Soma sentensi hiyo mara ya pili, ndugu yangu, kwa sababu ndani yake kuna fedha zako. Mtu mwenye amplifaya ya wati 500 akiuza kitu chake anunue ya wati 1,000, anapata nyongeza ya desibeli tatu, ambayo sikio lake litaitambua kwa shida. Ili aisikie sauti mara mbili ya ile ya mwanzo, angehitaji wati 5,000. Mfuko unakimbia, sauti inatambaa.

Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kutoka 60 kwenda 100 macho yanaona 40 tu, lakini kwa nguvu ya sauti hizo ni mara elfu kumi. Ikipanda hadi 120 au 130, sikio huanza kuuma. Hapo ndipo unapoelewa 170 ni balaa ya namna gani, na kwa nini mwenye gari husimama nje.

Lipo jambo la pili la fedha. Maboksi ya amplifaya yanayouzwa mjini yameandikwa wati 2,000, wati 3,000, hata zaidi. Nitakupa hesabu ya kuyajaribu, ambayo haihitaji mtaalamu. Betri ya gari dogo ni ya volti 12, na injini ikinguruma altaneta huipandisha hadi karibu 14. Sasa tazama fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwa amplifaya. Ukikuta fyuzi moja ya ampia 30, zidisha 30 kwa 14. Unapata 420. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia muda wote bila fyuzi kukatika, na zinazotoka lazima ziwe pungufu, kwa sababu amplifaya yenyewe inakula umeme na kuugeuza joto. Chombo kinachoingiza wati 420 kitatoaje 3,000? Ile 3,000 ya kwenye boksi ni ya kupepesa jicho, ikiwa ipo. Fundi mkweli anaijua hesabu hii. Mteja akiijua pia, biashara itakuwa safi zaidi.

Halafu tuulize, hizo wati chache za kweli zinakwenda wapi? Katika kila wati 100 zinazoingia kwenye spika ya kawaida, ni kama moja au mbili tu zinazotoka zikiwa sauti. Zilizobaki zote ni joto, na joto hilo hukaa kwenye ile koili ya waya iliyo nyuma ya koni. Ndiyo maana spika iliyopigwa usiku kucha hunuka kama pasi iliyoachwa kwenye nguo. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, muziki hukwaruza, na koili huungua upesi zaidi. Vijana wengi hudhani spika imekufa kwa sababu wati zilizidi. Wakati mwingine amplifaya ilikuwa ndogo, ikasukumwa kupita uwezo wake.

Basi yule bingwa wa mashindano anapata wapi sauti yake? Anaipata kwenye boksi na kwenye gari lenyewe. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Zikikutana hewa hizo mbili, besi inakufa. Boksi lipo ili kuzitenganisha, na lile bomba au tundu la boksi lipo ili hewa ya nyuma nayo itoke ikisaidia ile ya mbele. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda ikalia? Bomba la boksi ni mdomo wa chupa. Ukibadilisha urefu wa bomba au ukubwa wa boksi, unabadilisha noti inayolia kwa nguvu. Bingwa hutafuta noti moja tu, kwa kawaida kati ya mitetemo 30 na 60 kwa sekunde, ile ambayo gari lake hupenda kuliko zote, kisha hujenga kila kitu kwa ajili ya noti hiyo. Gari lililofungwa kabisa ni dogo mno kwa mawimbi ya besi, kwa hiyo mkandamizo wa hewa hauna pa kukimbilia, nao hupanda. Mlango ukiachwa wazi kidogo, namba huanguka. Ndiyo maana wengine husimama juu ya paa na kusukuma milango kwa mabega wakati wa mlio.

Hapo, mpenzi msikilizaji, ndipo nilipoona tofauti kubwa kati ya mashindano na mtaa wetu. Yule wa mashindano anafanya juhudi zote sauti isitoke nje ya gari. Sisi tunafungua milango yote minne na buti juu, tukitaka itoke yote. Yeye hupiga sekunde chache. Sisi tunaanza saa kumi jioni na kumaliza kunapopambazuka, hasa panapokuwa na kigodoro au sherehe ya mtaani. Yeye hutoa watu ndani. Sisi tunaweka kochi mbele ya spika akae mgeni rasmi. Na yeye, baada ya yote hayo, anatazama kipimo. Sisi kipimo chetu ni jirani akija kugombana.

Sasa, sauti ikitoka nje, inakwendaje? Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali mara mbili desibeli hupungua sita hivi. Tuchukulie spika inatoa 110 ukiwa mita moja. Ukiwa mita mbili ni 104, mita nne 98, mita nane 92, mita 16 ni 86. Kwa nyumba zetu za Tandale au Tandika, mita 16 ni nyumba ya tatu. Mtoto mchanga wa nyumba ya tatu anapewa kelele kama za barabara yenye magari mengi, na hakuandikiwa kadi ya mwaliko.

Na besi ina tabia yake mbaya. Wimbi la noti ya mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa takriban mita 8 na nusu. Ukuta wa tofali moja, mlango wa mbao na pazia ni kama wavu wa dagaa mbele ya nyangumi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, besi hupita. Ndiyo maana ukiwa kitandani husikii maneno ya wimbo wala jina la mwimbaji. Unasikia dum, dum, dum kifuani. Jirani anayelalamika haonei wivu muziki wako. Muziki haujamfikia. Aliyofikiwa nayo ni mitetemo.

Hata hivyo, haki lazima itendeke kwa besi. Sikio la binadamu ni zito kwa noti za chini kabisa. Desibeli 100 za mitetemo 40 kwa sekunde husikika dhaifu kuliko desibeli 100 za sauti nyembamba, na huliumiza sikio kidogo kuliko hizo. Sauti hatari zaidi ni za mitetemo elfu mbili hadi elfu nne kwa sekunde, ambazo tundu la sikio lenyewe huzikuza. Hizo ndizo hutolewa na twita na spika za honi. Kwa maneno mengine, besi ndiyo inayomkosesha jirani usingizi, lakini twita iliyofungwa juu ya mlango wa daladala, nusu mita kutoka kichwani mwa konda, ndiyo inayomla sikio.

Nataka tumfikirie konda huyo kwa makini. Wataalamu wa afya kazini hukubaliana kwamba mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa nane kwa siku bila hatari kubwa. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda hukatwa nusu. Kwa 88 ni saa nne. Kwa 91 ni saa mbili. Kwa 94 ni saa moja. Kwa 97 ni nusu saa. Kwa 100 ni robo saa tu. Tuchukulie basi letu lina 97 karibu na mlango, kiasi ambacho ukitaka kuzungumza na aliye kando yako itabidi umpigie kelele sikioni. Konda anaingia kazini alfajiri na kutoka usiku, saa 12 au zaidi. Posho yake ya sikio ya siku nzima ilikuwa nusu saa. Ametumia ya siku 24 kwa siku moja. Abiria anayeshuka baada ya dakika ishirini ananung'unika na kusahau. Konda na dereva wanabaki.

Ndani kabisa ya kila sikio kuna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo hubadilisha mtikisiko kuwa habari ya kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huzilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Zikipumzishwa mapema huinuka tena. Ndiyo ile hali ya masikio kuziba baada ya dansi na kufunguka kesho yake. Zikilazwa kila siku hufa, na zikifa haziotei tena. Hazina mbegu. Dalili ya kwanza ni mlio mwembamba sikioni usiku panapokuwa kimya. Ya pili ni kusikia watu wakisema bila kuelewa wanasema nini, kwa sababu herufi kama s, f na t ndizo hutangulia kupotea. Kijana wa namna hiyo nyumbani huambiwa ana dharau, haitiki akiitwa.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza muziki kwa namna isiyo salama. Mwaka 2022 shirika hilo likatoa kiwango kwa kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100, pawe na mtu anayepima wakati muziki unapigwa, na pawe na mahali pa utulivu pa kupumzishia masikio. Tazama kwamba halikusema muziki uzimwe. Limesema upimwe.

Je, sheria zetu zinasemaje? Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo. Kanuni hizo zinatofautisha makazi, hospitali na maeneo ya viwanda, na zinatofautisha mchana na usiku. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, limekwisha kufungia baa na kumbi jijini kwa ajili ya kelele. Lakini baa ina anwani. Gari lina magurudumu. Ofisa akifika na kipimo chake Buza, gari limekwisha hamia Yombo.

Kwa hali hiyo tuwatazame Wabrazili, ambao kwa muziki wa magari wametutangulia sana. Mwaka 1950, wakati wa kanivali ya mji wa Salvador katika jimbo la Bahia, wanamuziki wawili walioitwa Dodô na Osmar walipanda juu ya gari kuukuu, Ford la mwaka 1929, wakiwa na vyombo vya umeme na spika, wakapita mitaani wakipiga. Kutokana na gari hilo bovu yalitokea malori makubwa ya muziki ambayo leo ndiyo fahari ya kanivali ile. Baadaye vijana wakaanza kufunga kuta za spika nyuma ya magari yao na kuzifungulia mitaani, kama tunavyofanya sisi. Mwaka 2006 mamlaka ya barabara ikaweka kanuni yenye kipimo: sauti ya gari isizidi desibeli 80 ukisimama mita saba kutoka garini. Kanuni nzuri, ina namba, kila mtu angeweza kuifuata. Lakini ili uitumie unahitaji vipimo na watu wa kupima, na askari wa barabarani hawakuwa navyo vya kutosha. Mwaka 2016 ikaja kanuni nyingine, nayo haikuhitaji kipimo tena: sauti ya gari ikisikika nje na kusumbua utulivu wa watu, hata ikiwa ya kiasi gani, ni kosa.

Mafundi wangu wa Temeke na Kinondoni, sikieni somo hilo. Kipimo kikikosa wa kukishika, mwisho wake ni marufuku. Na marufuku haichagui. Humkamata fundi hodari pamoja na mhuni, humkamata mwenye gari la matangazo pamoja na mlevi aliyeegesha mbele ya zahanati. Mwenye ufundi ndiye wa kwanza kupoteza kazi.

Kwa hiyo mimi napendekeza kwamba kipimo tukishike sisi wenyewe kabla hatujashikiwa. Kipima desibeli cha kawaida ni chombo kidogo cha kushika mkononi, na mafundi watano wakichanga wanaweza kukinunua na kukitumia pamoja. Hata simu za kisasa zina programu za kupimia sauti. Hazilingani na chombo cha kitaalamu, lakini zinatosha kumwonyesha mwenye daladala kama yuko kwenye 80 au kwenye 100. Fundi akimaliza kufunga redio ya basi, apime penye kiti cha konda, aandike namba kwenye risiti. Aihamishe ile twita kutoka juu ya mlango. Fyuzi ya waya mkubwa aiweke karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya, maana waya ukichubuka kabla ya kufika kwenye fyuzi, gari litaungua na hakuna desibeli itakayolizima. Mafunzo ya umeme wa magari yako karibu. Chuo cha VETA Chang'ombe kiko hapo hapo Temeke.

Na wenye kupenda sauti kubwa kwa ajili ya sauti kubwa, maana wapo na ni haki yao, wapewe uwanja. Tufanye mashindano yetu: Jumapili mchana, mbali na makazi, milango imefungwa, kipimo kwenye kioo, watu nje, masikio yamezibwa, mlio wa sekunde chache, namba ubaoni. Siku hiyo tutajua nani fundi na nani mpiga kelele. Nina hakika wapo vijana wanaojenga boksi kwa msumeno wa mkono na rula ya shule ambao, wakipewa namba ya kuifukuza, watawashangaza wenye fedha. Siku hizi mwenye fedha nyingi hushinda kwa sababu hakuna anayepima. Akija mpimaji, ufundi utashinda.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Ukimlipa konda kwa siku, unakodi mikono yake na sauti yake. Masikio yake hukuyanunua. Punguza muziki hadi abiria aweze kusema "shusha" bila kupiga ukelele. Hicho nacho ni kipimo, tena cha bure.

Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Walikuwa wanasema ngozi ya ngoma. Siku hizi ngozi imekuwa ya plastiki na haipasuki upesi, kwa hiyo kinachotangulia kuharibika ni sikio la msikilizaji. Ukienda kwa fundi wiki hii, mwulize wati ngapi kama ulivyozoea. Kisha usiondoke. Mwulize na swali la pili.